Viti, sensa na hasira za majimbo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Bunge la Kanada la mwanzo

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Mtanzania akisema "jimbo" ana maana ya sehemu inayochagua mbunge mmoja. Hapa jimbo ni Ontario, Quebec na wenzao, yaani vipande vikubwa vya nchi vyenye serikali na bunge lao wenyewe. Sehemu inayochagua mbunge nimeiita eneo bunge, kama wasemavyo Wakenya. Bila hivyo tungepotezana kabla hatujafika Ottawa.

Bunge la kwanza lilikuwa na wabunge wangapi, na walitoka wapi?

Wabunge 181. Kanada ilizaliwa tarehe 1 Julai 1867 kwa sheria iliyopitishwa London, ikiwa na majimbo manne tu. Ontario ilipewa viti 82, Quebec 65, Nova Scotia 19 na New Brunswick 15. Nyika za magharibi zilikuwa bado mikononi mwa kampuni ya biashara ya manyoya ya Hudson's Bay, na British Columbia ilikuwa koloni la mbali kwenye bahari ya Pasifiki. Waziri mkuu alikuwa John A. Macdonald, na wabunge walikutana Ottawa kwa mara ya kwanza tarehe 6 Novemba mwaka huohuo.

Mbona Quebec 65? Kwa nini isiwe 60 au 70?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na jibu lake liko nyuma ya 1867.

Mwaka 1841 Uingereza iliunganisha makoloni mawili yaliyopakana. Canada West, ambayo leo ni Ontario, ilikuwa na wakazi wengi wanaozungumza Kiingereza. Canada East, Quebec ya leo, ilikuwa ya Wafaransa Wakatoliki kwa sehemu kubwa. Kila upande ulipewa viti 42. Ukiyatazama kwa juujuu utasema hiyo ni haki, lakini Canada East ilikuwa na watu wapatao 650,000 na Canada West kama 450,000. Usawa wa viti ulikuwa mbinu ya kuwapunguzia Wafaransa sauti. Juu ya hayo, madeni ya Canada West, ambayo mengi yalitokana na kuchimba mifereji, yalitiwa katika chungu kimoja ili walipe wote.

Kisha meli za wahamiaji zikaipindua hesabu. Sensa ya 1851 ilikuta watu 952,004 Canada West na 890,261 Canada East. Hapo kila mtu akageuza wimbo. Waliokuwa wakiusifu usawa wakaanza kuulaani, na waliokuwa wakiulaani wakaukumbatia kama ngao. George Brown, mwenye gazeti la Globe la Toronto, alidai viti vigawanywe kwa idadi ya watu na hakunyamaza kwa miaka. Viti vilipoongezwa katikati ya miaka ya 1850, usawa ulibaki palepale: 65 kwa 65.

Ndiyo hiyo 65 yenyewe. Haikutoka kwenye sensa wala kwenye fomula ya mtaalamu yeyote. Ni idadi ya viti ambavyo Quebec ilikuwa imekwisha kuvikalia.

Fahali wawili hawakai zizi moja, na zizi hili lilitikisika kweli. Kati ya Mei 1862 na Juni 1864 serikali nne zilianguka. Mwishowe Brown akakubali kuingia serikali moja na Macdonald, mtu ambaye hawakuwa wakipikika naye chungu kimoja, pamoja na George-Étienne Cartier wa Quebec. Wakauziana na kununuliana. Brown alipata baraza la chini linalofuata idadi ya watu. Cartier alipata jimbo lenye serikali yake, na ile 65 ikapigwa msumari ndani ya katiba ili isishuke kamwe. Watu wa pwani ya mashariki waliojiunga nao waliahidiwa Seneti, yaani baraza la juu.

Hesabu yenyewe ilifanywaje?

Chukua kikokotoo. Sensa ya 1861 iliihesabia Quebec watu 1,111,566. Gawanya kwa 65, unapata kama 17,101. Hicho ndicho kilikuwa kipimo cha kiti kimoja kwa wote. Ontario ilikuwa na watu 1,396,091. Gawanya kwa kipimo hicho, unapata 81.6. Sehemu inayozidi nusu ilihesabiwa kuwa kiti kizima, basi Ontario ikapata 82. Nova Scotia ilifikia 19.3, ikabaki na 19. New Brunswick ilifikia 14.7, ikapandishwa hadi 15.

Hesabu ilirudiwa baada ya kila sensa ya miaka kumi. Sensa ya 1871 ilikipandisha kipimo hadi 18,331, na viti vikawa 88 kwa Ontario, 21 kwa Nova Scotia na 16 kwa New Brunswick. Quebec, bila shaka, 65.

Quebec ilikuwa kama pishi ya sokoni: yenyewe haipimwi, wengine wote wanapimwa kwayo. Kanuni nyepesi, mtoto wa shule anaimudu. Lakini ina mtego, na walionaswa ni majimbo madogo. Si lazima watu wako wapungue ndipo upoteze kiti. Inatosha waongezeke polepole kuliko watu wa Quebec, ambako familia za zama hizo zilikuwa na watoto wengi. Kulikuwa na breki moja: jimbo halikunyang'anywa kiti mpaka fungu lake katika jumla ya watu wa nchi liwe limeshuka kwa sehemu moja ya ishirini au zaidi. Magharibi ilipoanza kujaa watu, breki hiyo ikashindwa kushika.

Seneti ilikuwa na kazi gani katika haya yote?

Kuwatuliza wadogo. Ilikuwa na viti 72: Ontario 24, Quebec 24, na majimbo ya bahari 24 kwa pamoja, yaani 12 Nova Scotia na 12 New Brunswick. Usawa huu ulikuwa wa kanda tatu, si wa jimbo kwa jimbo kama Marekani. Prince Edward Island ilipoingia mwaka 1873 haikuongezewa chochote. Ilimegewa viti vinne kutoka fungu la jirani zake, wakabaki na kumi kumi.

Seneta aliteuliwa na kukaa maisha yake yote. Alitakiwa awe ametimiza miaka 30, aishi katika jimbo analoliwakilisha, na awe na mali ya thamani ya dola 4,000. Kwa maoni yangu hapo ndipo ahadi ilipovunjika. Seneta anayepewa kiti na waziri mkuu, na asiyemwomba mtu kura hata siku moja, atapata wapi ubavu wa kuipigania Halifax, mji mkuu wa Nova Scotia, dhidi ya huyo aliyempa kiti?

Ni kweli Nova Scotia ilichagua wabunge waliotaka kutoka kwenye muungano?

Kweli kabisa. Katika uchaguzi wa 1867, kati ya viti vyake 19, viti 18 vilikwenda kwa wapinzani wa muungano. Aliyeponea ni Charles Tupper peke yake, katika eneo bunge la Cumberland. Tupper huyohuyo, akiwa waziri mkuu wa koloni, alikuwa ameiingiza Nova Scotia ndani ya Kanada bila kuwauliza wapiga kura, na walipopata nafasi walimjibu.

Kiongozi wa wapinzani, Joseph Howe, alikwenda London mwaka 1868 kuomba jimbo lake liachiliwe. London ikakataa. Macdonald naye alitumia dawa aliyoizoea: aliiongezea Nova Scotia fedha, na Januari 1869 Howe akaingia katika baraza lake la mawaziri. Wapo wenzake ambao hawakumsamehe hadi anakufa.

Watu walipigaje kura siku hizo?

Hadharani. Mpiga kura alipanda mbele ya msimamizi, akataja jina la mtu anayemtaka, likaandikwa kitabuni huku mwenye shamba lake, mwajiri wake na mawakala wa pande zote wakisikia. Wakenya wanaoukumbuka mlolongo wa 1988, uchaguzi wa kupanga foleni nyuma ya mgombea, hawahitaji kuelezwa zaidi. New Brunswick peke yake ilikuwa na kura ya siri, tangu 1855.

Tena uchaguzi haukuwa wa siku moja. Ule wa 1867 ulianza Agosti na kumalizika Septemba, eneo baada ya eneo, isipokuwa Nova Scotia iliyopiga kura kwa siku moja. Serikali ndiyo iliyopanga nani aanze. Walianza na ngome zao ili habari za ushindi ziwatangulie kwenye maeneo yenye mashaka.

Kamouraska, Quebec, ghasia zilizuia uchaguzi kabisa, na kiti kikakaa wazi hadi 1869. Mgombea wa serikali hapo, Jean-Charles Chapais, alikuwa tayari waziri wa kilimo. Wakamtafutia Seneti, akaendelea na uwaziri wake.

Sheria ya 1874 ndiyo iliyoleta kura ya siri na siku moja ya uchaguzi, na uchaguzi mkuu wa kwanza kwa mtindo huo ulikuwa wa 1878.

Mbunge angeweza kuwakilisha mahali ambapo hajawahi kukanyaga?

Angeweza, na waliofanya hivyo hawakuwa watu wadogo.

Mwaka 1872 Cartier, mtu wa pili kwa nguvu nchini, alishindwa vibaya katika Montreal East. Basi akatafutiwa Provencher, eneo bunge la Manitoba, karibu kilomita elfu mbili kutoka alikoshindwa. Wagombea wa huko walijitoa, akiwamo Louis Riel, kiongozi wa huko tutakayemkuta hapa chini, na Cartier akapita bila kupingwa. Alifariki London mwezi Mei 1873. Provencher hakuwahi kuiona.

Mwaka 1878 ikawa zamu ya Macdonald. Chama chake kilishinda nchi nzima, yeye akaangushwa nyumbani kwake Kingston. Wakamchagua Marquette, Manitoba, kisha akachaguliwa Victoria, British Columbia, akakichukua kiti hicho cha pili. Aliiwakilisha Victoria hadi 1882, lakini alikanyaga British Columbia kwa mara ya kwanza mwaka 1886, reli ilipokwisha kufika. Wakazi wa Victoria hawakuwa wajinga. Walikuwa wakiidai serikali hiyo reli, na kumfanya waziri mkuu kuwa mbunge wao ilikuwa njia ya kumshika shati.

Louis Riel alichaguliwa mara ngapi, na kwa nini hakukaa bungeni?

Mara tatu, zote Provencher: uchaguzi mdogo wa Oktoba 1873, uchaguzi mkuu wa mwanzoni mwa 1874, na uchaguzi mdogo wa Septemba mwaka huo.

Riel aliwaongoza Wametis, watu wenye damu ya wenyeji na ya Wazungu, walipokataa mwaka 1869 nchi yao kuhamishwa kutoka kampuni ya Hudson's Bay hadi serikali ya Kanada bila wao kuulizwa. Manitoba kuwa jimbo mwaka 1870 ni matunda ya kazi yake. Lakini serikali yake ya muda ilimuua kwa risasi Thomas Scott, Mprotestanti wa Ontario, na serikali ya Ontario ikaahidi dola 5,000 kwa ajili ya kukamatwa kwa waliohusika. Mbunge huyu alikuwa akisakwa katika jimbo ambalo Bunge linakaa.

Hata hivyo, Machi 1874 aliingia Ottawa kwa siri, akatia sahihi kitabu cha wabunge, akatoweka kabla watu hawajajua aliyekuwa mbele yao ni nani. Mwezi uliofuata Bunge lilimfukuza. Provencher ikamchagua tena. Mwaka 1875 alipewa msamaha kwa sharti la kukaa uhamishoni miaka mitano. Alinyongwa Regina tarehe 16 Novemba 1885, baada ya maasi ya pili. Quebec haikusahau kunyongwa huko, na chama cha Macdonald kilikuja kulipa kwa kura.

Kwa nini British Columbia na Manitoba zilipewa viti vingi kuliko watu wao?

Kwa sababu zilikuwa zikibembelezwa. Manitoba ilipata wabunge wanne mwaka 1870 ikiwa na watu kama 12,000. Kwa kile kipimo cha Quebec ingepata mmoja tu, tena kwa kuhesabiwa sehemu inayozidi nusu. British Columbia ilihesabiwa watu 36,247 katika 1871. Kwa kipimo ingestahili wabunge wawili, ikapewa sita na ahadi kwamba hawatapungua.

Wajumbe wa British Columbia walikwenda Ottawa wakiomba barabara ya magari ya kukokotwa, wakarudi na ahadi ya reli ndani ya miaka kumi. Mgeni anayetakiwa kwa hamu hapimiwi chakula. Majimbo ya zamani yalinung'unika, lakini Marekani ilikuwa imeinunua Alaska mwaka 1867, na hakuna aliyetaka kuona pwani yote ya magharibi ikienda upande huo.

Nani hakuwakilishwa?

Wengi. Wanawake, wengi wao hadi 1918 kwa uchaguzi wa kitaifa. Mbunge wa kwanza mwanamke, Agnes Macphail, aliingia mwaka 1921. Wanaume wasio na mali ya kutosha, kwa masharti yaliyotofautiana jimbo kwa jimbo. Wachina waliojenga reli ya magharibi walifungiwa nje kwa jina katika sheria ya 1885. Sheria hiyohiyo iliwaruhusu baadhi ya watu wa asili wa mashariki wenye mali kupiga kura, ikawanyima wale wa Manitoba, British Columbia na nyika za kaskazini-magharibi. Mwaka 1898 hata hao wa mashariki walipoteza. Haki ya kupiga kura bila kwanza kuacha hadhi yao ya kisheria waliipata mwaka 1960.

Nyika zenyewe zilikuwa sehemu ya Kanada tangu 1870, ila zilikaa miaka kumi na saba bila mbunge hata mmoja. Asiyekuwapo na lake halipo: malalamiko ya ardhi na njaa yalitumwa Ottawa kwa barua, na barua zikakaa. Baada ya maasi ya 1885 ndipo walipopewa viti vinne, vilivyopigiwa kura katika uchaguzi wa 1887.

Na baraza la mawaziri, nalo liligawanywa kwa kanda?

Kwa ukali kuliko Bunge. Baraza la kwanza lilikuwa na watu 13: Ontario watano, Quebec wanne, Nova Scotia wawili, New Brunswick wawili. Ndani ya wanne wa Quebec, Wafaransa walitaka watatu na Waprotestanti wa Kiingereza mmoja. Hapo Thomas D'Arcy McGee wa Montreal, Mkatoliki wa Ireland na msemaji bora wa muungano, akakosa kiti cha kukalia. Jawabu lililopatikana ni la ajabu: McGee alijitoa, Tupper wa Nova Scotia naye akajitoa, na nafasi ya Tupper ikaenda kwa Edward Kenny wa Halifax, ambaye alikuwa Muirishi, Mkatoliki na mtu wa Nova Scotia kwa mpigo. Mtu mmoja, hesabu tatu. McGee aliuawa kwa risasi Ottawa Aprili 1868, akirudi nyumbani kutoka bungeni.

Mtu aliweza kuwa mbunge wa mabunge mawili?

Ndiyo, kwa miaka michache. Viongozi wa kwanza wa serikali za Ontario na Quebec, John Sandfield Macdonald na Pierre Chauveau, walikaa pia Ottawa. Ontario ilipiga marufuku mwaka 1872, na sheria ya nchi ikafuata 1873.

Mipaka ya maeneo bunge ilichorwa na nani?

Na chama kilichokuwa madarakani, bila haya. Mwaka 1882 Ontario iliongezewa viti vinne, na Macdonald alitumia nafasi hiyo kukata na kuunganisha vijiji ili wapiga kura wa chama pinzani cha Liberal warundikwe katika maeneo machache. Mwaka 1903, chini ya waziri mkuu Wilfrid Laurier, kazi hiyo ilikabidhiwa kamati ya wabunge wa pande zote. Ilibidi kusubiri hadi miaka ya 1960 ndipo tume huru zikaanzishwa.

Prince Edward Island ilipoteza viti vyake vipi?

Kisiwa hiki ndicho kilichokuwa mwenyeji wa mkutano wa kwanza wa muungano, Charlottetown, Septemba 1864. Wajumbe walipowasili walikuta sarakasi mjini na watu wameijali hiyo kuliko wao. Mwezi uliofuata, mkutano wa Quebec ulikitengea kisiwa viti vitano kati ya 194 vilivyopendekezwa. Wajumbe wake waliona ni dharau, na 1867 kikabaki nje.

Deni la reli lilikilazimisha kubisha hodi mwaka 1873, na kikapokewa na viti sita. Kisha pishi ya Quebec ikaanza kazi yake. Sensa ya 1891 ilikihesabia watu 109,078, kikashuka hadi viti vitano. Ya 1901 ikaonyesha 103,259, vikawa vinne. Majimbo ya bahari yalikwenda mahakamani, New Brunswick ikidai kwamba "Kanada" ndani ya kanuni ile ilimaanisha majimbo manne ya mwanzo tu, na kisiwa kikidai ulinzi wake. Walishindwa katika Mahakama ya Juu ya Kanada, na mwaka 1905 wakashindwa tena mbele ya baraza la rufaa London.

Sensa ya 1911 ilikuta watu 93,728, yaani viti vitatu. Hapo ndipo ile Seneti niliyoidharau ilipokuja kuwafaa kwa namna ambayo haikukusudiwa: mwaka 1915 katiba iliongezewa kifungu kwamba jimbo lisiwe na wabunge wachache kuliko maseneta wake. Kisiwa kilikuwa na maseneta wanne. Ile 65 ya Quebec iliondolewa kwenye katiba mwaka 1946, viti vya Bunge leo ni 343, na Prince Edward Island bado ina wabunge wanne.